Doa la Piko

Kila alasiri, akitoka shule, Zakiya alipitia dukani kwa mama yake, Biashara Street, kabla ya kwenda nyumbani Mji wa Kale. Kazi yake ilikuwa kukunja leso ambazo wateja walikuwa wamezifungua na kuziacha ovyo. Barazani aliketi fundi Kavumbi na cherehani yake. Mteja akinunua doti, Kavumbi aliikata vipande viwili na kuvipinda papo hapo, huku akimuuliza habari za nyumbani, za watoto, mpaka za kuku.

"Masalkheri, Mjomba."

"Masalkheri, mwanangu. Leo je, mwalimu amekuacha salama?"

Zakiya alicheka, lakini kicheko hakikudumu. Duka lilikuwa limepoa. Duka la jirani, lililouza leso tangu enzi za mababu, lilikuwa limeshafungwa, na mahali pake sasa paliuzwa vifuniko vya simu. Mama yake, Bi Swafiya, alilipita bila kulitazama, kama mtu apitaye nyumba yenye msiba.

Tumaini lao lote lilikuwa leso mpya ya Idi. Bi Swafiya aliichora mwenyewe, maua ya mkadi kwenye pindo na korosho katikati, kisha mchoro ukapelekwa India kuchapwa kiwandani. Desturi yake ilikuwa ileile ya marehemu baba yake: leso mpya haionyeshwi mtu mpaka siku ya kufungua robota la mzigo. Jina lake, yaani yale maneno yanayoandikwa chini, hata Zakiya hakuambiwa.

"Jina la leso ni kama jina la mtoto," alisema. "Halitangazwi kabla hajazaliwa. Na leso hii isipouzika Idi hii, mwanangu, nasi tutafunga."

Ramadhani iliingia, mzigo haukuja. Kila siku Bi Swafiya alimpigia simu wakala wa mizigo, na kila siku alikata simu akiwa amekunja uso.

"Ati meli zimeadimika," alimwambia Kavumbi. "Nyingi zazunguka mbali kukwepa vita vya Bahari ya Shamu. Vita viko kwao, nasi twapigwa huku!"

Siku moja akaja mama mmoja aliyetaka kupindiwa leso aliyoinunua kwingine. Aliikunjua barazani. Maua ya mkadi kwenye pindo. Korosho katikati.

Cherehani ilinyamaza. Bi Swafiya alishika mlango.

"Umeinunua wapi, dada?"

"Makupa. Zimejaa tele huko, tena rahisi. Kwani vipi?"

Bi Swafiya alirudi nyuma hatua moja. Hakutaka hata kuigusa leso ile. Mteja alipoondoka, alimgeukia Kavumbi, na sauti yake ilikuwa ya chini mno. Zakiya aliogopa kuliko kama angepiga kelele.

"Mchoro ule niliuona mimi, na huyu mwanangu, na wewe uliyeupeleka kwa wakala. Nani aliyeuuza?"

"Haki ya Mungu, Bi Swafiya, hata bahasha sikuifungua."

"Basi umekwenda wenyewe kwa miguu? Chukua cherehani yako uende."

Kavumbi hakubisha. Aliipakia cherehani kwenye mkokoteni wa kukodi, akaondoka bila kuaga. Zakiya angesema neno, ila ulimi ulikuwa mzito. Mteja alipoikunjua leso yake, yeye alikuwa ameona kitu kwenye pembe: doa dogo jeusi kati ya maua, lenye mkia. Alilijua doa lile, kwa sababu yeye ndiye aliyelitia.

Miezi kadhaa nyuma, alikuwa akijifunza kuchora mikono kwa wino mweusi wa piko karibu na mchoro wa mama, na tone likaanguka. Mama alifoka, akachora upya kwenye karatasi safi, na hiyo safi ndiyo aliyoibeba Kavumbi. Ile yenye doa ilibaki juu ya kabati. Lakini shuleni rafiki yake Mutanu alikuwa amemtania kwamba mama yake huuza leso za kizamani. Zakiya akachukua simu ya mama, akaipiga picha karatasi yenye doa, akamtumia ili amkomeshe.

Kesho yake alimvuta Mutanu kando ya uwanja wa shule.

"Ile picha ulimwonyesha nani?"

"Shangazi tu," Mutanu alisema. "Aliipenda, akaituma kwenye kundi lao la wachuuzi. Nasikia mmoja wao aliichapisha ng'ambo upesi, kabla meli hazijaadimika. Kwani kuna ubaya?"

Zakiya alimwacha hapohapo. Tangu siku hiyo doa lilimfuata. Aliliona kwenye mabega ya wanawake sokoni, kwenye kamba ya nguo ya jirani, kwenye mtoto aliyebebwa mgongoni. Baraza la duka lilikuwa tupu, na wateja waliokuja wakamkosa fundi waligeuka wakaenda zao. Mama alianza kung'oa rafu ukutani. Zakiya alijiambia kwamba atasema kesho, na kesho ikifika aliisogeza mbele.

Siku aliyomkuta mama akimuuliza mwenye vifuniko vya simu kama angependa kuongeza na chumba chao, hakuweza tena. Alisema yote huku akilia.

Mama alitikisa kichwa. "Wamtetea Kavumbi tu, kwa kuwa wampenda."

Zakiya alikimbia kwa jirani, akaazima leso yake, akaitandaza mezani na kuweka kidole kwenye pembe. Bi Swafiya aliinama. Alilitazama lile doa lenye mkia kwa muda mrefu, kisha akakaa chini polepole.

"Karatasi ya Kavumbi haikuwa na doa," alisema. "Ewe Mola, nimefanya nini!"

Walimkuta Kavumbi Makupa, kando ya barabara, malori yakimtimulia vumbi. Chini ya sindano yake ilikuwa leso ya mkadi na korosho, ile ya bandia, akiwapindia wachuuzi.

"Watoto wataka kula, Bi Swafiya," alisema kabla hajaulizwa.

"Sikuja kukusuta. Nimekuja kukuomba radhi mbele ya hawa wote. Nilikudhulumu."

Zakiya naye alipiga magoti vumbini. "Ni mimi, Mjomba. Nilijua tangu siku uliyofukuzwa, na nikanyamaza."

Kavumbi alimaliza upindo aliokuwa ameuanza, akakata uzi. "Inuka, utachafua sare," alisema. Kisha akaanza kuifungasha cherehani yake.

Mzigo ulifika Idi ikiwa imekaribia. Kavumbi ndiye aliyekata kamba za robota. Bi Swafiya aliitandaza leso ya kwanza, nao wakaona jina alilolichagua miezi ile, kabla ya yote kutokea: JAPO MWANISINGIZIA, MOLA NDIYE SHAHIDI.

Kavumbi aliyasoma maneno yale mara mbili. Kisha Bi Swafiya aliikunja doti ile na kumpa Kavumbi kwa mikono miwili. "Mpelekee mkeo. Jina hili nililichagua mimi, lakini mwenyewe ni wewe."

Wanawake walikuja kulifuata jina lile. Zile za Makupa ziliandikwa tu "Heri ya Sikukuu", maana picha ya Zakiya haikuwa na jina, na nani atamsuta jirani yake kwa maneno hayo? Za Bi Swafiya hazikuisha zote, lakini duka halikufungwa. Jioni, Zakiya alimwona kijana ng'ambo ya barabara akiinua simu na kuipiga picha leso iliyotundikwa mlangoni. Alimgeukia mama yake.

"Nimemwona," mama alisema. "Zamani siri ikitoka nyumbani ilifika mtaa wa pili. Siku hizi yafika kiwandani ng'ambo na kurudi ndani ya meli. Dunia yote imekuwa jirani yetu, Zakiya, na si kila jirani ni mwema, kwa hivyo chunga cha nyumbani. Lakini hilo nimeshakusamehe. Ninalotaka ulikumbuke ni hili: mzigo wangu ulichelewa kwa sababu ya vita na bahari. Ukweli wako ulikuwa hapo kinywani, nao pia ulichelewa, na aliyelala njaa ni mtu mwingine."

Zakiya aliinamisha kichwa. Barazani, Kavumbi alikuwa akimuuliza mteja habari za kuku wake.