Jina la Laurenti kwenye Gemu

Yule mtu wa kwenye gemu alianza kwa kuuliza habari za mbuzi.

"Mbuzi wa mama yako amezaa?" Maneno yalitokea kwenye televisheni, kwa Kiswahili. Chini yake majibu mawili ya kuchagua, kama kawaida ya gemu ile: Ndiyo. Bado.

CD ilitoka Dar na maandishi yake yalikuwa ya Kijapani. Wateja waliolipia kucheza walibahatisha tu majibu. Furaha alidhani wanafunzi wa chuo cha Mazimbu wameichezea, akabonyeza Bado, na jioni akamsimulia mama yake huku akicheka. Mama, Agnes, alikuwa anachambua mchicha. Hakucheka.

"Huyo mtu anaitwa nani?"

"Ukianza unampa jina mwenyewe. Nikaandika Laurenti."

"Jina la mjomba wako?"

"Si lilikuwa halina mtu, mama?"

Laurenti, kaka yake Agnes, alizikwa Mkuyuni masika yaliyopita. Kwao Waluguru jina la marehemu haliachwi hivihivi. Ukoo hukaa, pombe hupikwa, mtoto wa dada hukabidhiwa jina, na aliyekufa hutulia. Agnes alikuwa ameahirisha. Kiwanda alichofanyia kazi mumewe Athanas kilipouzwa, aliwekewa karatasi mbili achague: kuacha kazi kwa hiari au kupunguzwa. Alichagua hiari, akanunua mashine ya gemu, kisha akaenda Mererani kuchimba na kupotelea huko. Tangu hapo nyumba ilikula kwa mashine hiyo, na kila mwezi palikuwa na jambo la haraka kuliko marehemu.

"Lifute," Agnes alisema.

"Halifutiki. Nimejaribu."

Mbuzi alizaa wawili. Gemu ikauliza: Abaki mama, au wabaki watoto? Furaha alibonyeza watoto, kwa utani tu, na kulipokucha mbuzi mkubwa alikuwa amelala bandani, macho wazi, mkavu kama aliyekufa mwezi mzima uliopita. Chumba cha gemu kikaanza kunuka tumbaku mbichi. Wateja wakahama mmoja mmoja. Na kila aliyetamka "Laurenti" ndani ya nyumba ile alisikia sauti nzito ikiitika "Naam" kutoka kwenye televisheni iliyochomolewa waya.

"Kaka yangu hakugusa tumbaku," Agnes alinong'ona. "Acha kucheza, mwanangu."

"Mama, shule nilichaguliwa. Mchepuo nilichaguliwa. Huyu peke yake ndiye ananiuliza."

"Anakuuliza nini sasa?"

Furaha aligeuka akarudi chumba cha gemu. Agnes alikwenda kutazama mwenyewe. Ilikuwa mchana, ukungu wa Uluguru umeshuka hadi kwenye mabati, na kwenye kioo kile, kisicho na umeme, yalisimama maneno, Nimchukue nani, na chini yake Mama, na chini yake Furaha, na kijishale kilichokuwa kikipanda na kushuka polepole bila mkono wa mtu, kikifuata pumzi ya binti yake, akivuta kinapanda, akitoa kinashuka, huku yeye amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili na machozi yakimtiririka vidoleni, akijizuia asipumue.

Agnes akamfuata Mwinjuma, mganga wa Kizigua. Mzee aliingia, akanusa, akakunja uso.

"Shikamoo mzee," Furaha alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Nyie Waluguru, watani zangu! Jina mnaliacha nje kama ndoo tupu, halafu mnashangaa kuna aliyelichukua."

"Ni kaka yangu?" Agnes aliuliza.

"Si kaka yako. Ni jini, kakuta jina halina mwenyewe, kalivaa. Jina livaliwe na mtu hai wa ukoo, ndipo atoke humo."

"Akitoka ataenda wapi?"

"Atatoka humo," mzee alirudia, akitazama mlango.

"Mtu wa ukoo ni nani?"

"Huyu mtoto. Au wewe."

"Karatasi mbili tena," Agnes alisema. "Haya. Nionyeshe pa kukaa."

Mwinjuma alimtandikia kaniki, akampaka unga wa mtama kwenye paji la uso. Agnes alishika pedi ya gemu kama anavyoshika jembe. Akabonyeza Mama.

"Laurenti ni mimi," alisema.

Kioo kikawa cheusi. Furaha akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu asubuhi. Harufu ilikatika. "Laurenti!" mzee aliita kwa kujaribu, na televisheni haikuitika. Aliondoka bila kumaliza chai.

Asubuhi Furaha alivaa sare akaenda jikoni kuaga. Mama yake alikuwa amechuchumaa jikoni, mgongo umeelekea mlangoni, uji unachemka na kumwagika, na harufu ya tumbaku mbichi imerudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Sauti ilikuwa ya Agnes, ya upole, isiyo na haraka, kwa mara ya kwanza baada ya miaka. "Leo nikusomeshe, au nikukumbuke?"

"Mama?"

"Chagua moja."