Daftari Lililouzwa Pamoja na Darasa

"Niambie, Mipango, uliuza madawati au ulimuuza mume wangu?"

"Shemeji, punguza sauti, watu wanasikiliza."

"Leo ndiyo unawaonea watu haya? Picha yake iko barabarani, kubwa kuliko mlango wangu, halafu mimi ninyamaze?"

Ndugu zangu, mmoja wa hao wasikilizaji nilikuwa mimi. Nusu saa nzima naanika shati moja. Aliyekuwa anafoka ni mke wa mtunza ghala, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Aliyefokewa ni mume wa Mwalimu. Tulimwita Mipango kwa sababu hamalizi wiki bila mpango mpya wa kutajirika.

Niwarudishe nyuma kidogo. Kwa miaka kumi na mmoja Mwalimu alifundisha watu wazima kusoma na kuandika katika chumba chake cha nyuma. Chumba cha mbele aliweka cherehani. Mtu alikuja na kitambaa kwapani, sisi wa nje tukajua anapeleka kushona. Hata mimi, na umbea wangu wote, sikujua kwamba mtunza ghala, mwanamume wa kalamu mbili mfukoni, alikuwa hajui kusoma. Majina ya wanafunzi, simu zao na mahali wanapofanya kazi vilikuwa kwenye daftari ambalo Mwalimu alilifungia kabatini. Ukutani mle ndani kulikuwa na picha yao ya pamoja. Walikubali kupigwa kwa sharti moja, isitoke chumbani.

Basi Mwalimu akasafiri miezi miwili kumuuguza dada yake. Leseni ya darasa ilikuwa na jina la mume, na mume akalipatia mnunuzi, bwana mmoja mwenye vyuo viwili mjini. Bwana huyo akatazama madawati, akatazama ubao, akakunja uso.

"Hivi ni vyombo tu, mzee. Mimi nanunua wanafunzi. Wako wapi?"

Mipango akavunja kabati, akamkabidhi daftari na ile picha ya ukutani. Simsingizii, msomaji, mwenyewe alitusimulia kwa majigambo kwamba bei ilipanda palepale.

Mwalimu aliporudi alikuta chumba kitupu, na kule barabara kuu bango lenye ile picha: HAWA WALIKUWA HAWAJUI KUSOMA. LEO WANASOMA. NJOO NAWE.

Tajiri wa ghala naye aliliona. Akamwita mtunza ghala ofisini, akamkabidhi karatasi. Mtunza ghala akaisoma yote kwa sauti, bila kukosea hata neno. Ilikuwa barua ya kumfukuza kazi, kwa kudanganya miaka tisa kwamba anajua kusoma.

"Kosa langu nini, mama?" Mipango alimwuliza mkewe. "Biashara ni wateja."

"Hawakuwa wateja wako. Walinipa aibu yao niwashikie."

"Utafungua darasa jingine."

"Atakuja nani?"

Hakuja mtu. Hata kwa mnunuzi hakuna aliyekanyaga. Mwezi wa nne akafunga, akang'oa bango lake. Hela za Mipango ziliingia kwenye mpango mwingine, nao ukafa. Mwalimu akabaki kuzunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Watu walisema karibu, lakini hakuna aliyemletea kiti.

FUNZO

Msomaji wangu, kuuza biashara yako si dhambi. Uza meza, uza ubao, uza na jina la mlangoni ukipenda. Lakini siri ambayo mtu mzima amekukabidhi huku ameinamisha uso, hiyo si mali yako, hata kama leseni ina jina lako. Ukiiuza, umemuuza yeye. Nasi majirani tusijitie usafi. Tulisimama chini ya lile bango tukihesabu tunaowajua, na mimi nilicheka.

Juzi Mwalimu alifika nyumba ya mwisho, kwa mtunza ghala, ambaye siku hizi anabeba magunia sokoni. Mipango alikuwa nyuma yake. Mke wa mtunza ghala alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Mipango akaanza kuvua viatu.

"Vaa tu, shemeji," akamwambia. "Wewe bakia hapo hapo na mipango yako. Mwalimu, ingia ule, chakula kinapoa."