Kikao Kisichofungwa

Jua lilikuwa likizama upande wa Mabamba nilipopanda kilima cha Kibondo, jalada kwapani, kumpelekea Diwani Pasikali orodha ya mahudhurio. Kesho yake wakaguzi wangefika. Alikuwa amelipwa posho za wajumbe kumi na mmoja kwa kikao ambacho hakikufanyika, na wajumbe hawakuwepo. Aliniagiza mimi, karani wake, nitafute majina popote.

Niliyatafuta.

Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa, marumaru hadi kwenye ngazi. Waliopita barabarani walitema mate, kwa kuwa walijua dizeli ya gari la wagonjwa iliishia wapi. Nilijua kuliko wao. Ndayikeza, dada yangu, alifia njiani juu ya baiskeli, mtoto angali tumboni, mwezi uleule ambao diwani alidai mafuta ya safari thelathini za gari lililokuwa limeinuliwa juu ya matofali, halina hata magurudumu.

Nilimkuta sebuleni, peke yake. Aliisoma orodha kimyakimya, akacheka kidogo.

"Imma, hawa ni wa wapi? Nisije nikaulizwa nikaduwaa."

Nilimjibu kwamba wote ni wa njia ya Mabamba, na kwamba majina hukaririwa upesi yakisomwa kwa sauti. Sikumwambia kwamba niliyanakili makaburini, kwa Wakristo na kwa Waislamu, na kwamba kila mmoja wao alikufa kwa kulikosa gari lile.

Nyumbani kwetu, jina la marehemu halitajwi giza likiingia ila na aliyekwisha kumwaga pombe ya ndizi mlangoni. Aitwaye bila kinywaji huja kudai haki yake ya ugeni. Mama yake Pasikali aliyajua hayo. Mwanawe alilelewa shule za bweni. Hakupata kuketi jikoni kwa mama yake jioni.

"Niyibizi," alisoma.

Juu, mlango ukafunguka.

Aliinua macho, akangoja, akaendelea.

"Venanti."

Hatua... Miguu mitupu juu ya marumaru, polepole.

"Mwanaamina."

Harufu ya udongo uliofukuliwa ikashuka ngazi. Alitaka kunyamaza, nilimwona akiuma meno. Midomo haikumtii. Jina likafuata jina, na kila jina likaitikiwa kwa sauti ya chini, yenye adabu, kama ya mtu aliyewahi kikaoni: "Nipo." Viti vya ngozi vikabonyea, kimoja baada ya kingine.

Hapakuwa na mtu aliyeviketia.

Likabaki la mwisho.

"Ndayikeza."



Kisha mtoto akalia.

Pasikali alinigeukia. Alikuwa ameelewa.

"Waambie waondoke," alininong'oneza. "Dada yangu... waambie."

Miaka minne nilimtumikia. Hakuwahi kuniita dada.

"Mwenyeji ndiye hutoa ruhusa, mheshimiwa."

Alifumbua kinywa. Hakikutoka kitu.

Daktari wa Kasulu anasema ni kiharusi. Huenda. Wakaguzi walikuta orodha mezani. Mbele ya kila jina palikuwa na alama ya kidole gumba, ya udongo mwekundu, bado mbichi. Mkewe alimhamishia Buhigwe kwa ndugu zake. Siku ya tatu akamrudisha, na hataki kueleza kwa nini. Sasa ameketishwa palepale sebuleni, na macho yake hutembea kutoka kiti hadi kiti.

Asiyeweza kusema hawezi kuwaruhusu wageni waondoke. Mwenyekiti akishindwa, katibu hufunga kikao. Katibu wa vikao vyake ni mimi, karani wake, na kufunga ni neno moja tu.

Jana magharibi nilisimama getini.

"Imma," dada yangu alisema nyuma ya ukuta, karibu sana. "Mtoto ana baridi. Tufungie, twende zetu."

Nilimsikia mtoto akikohoa. Kupitia dirishani nilimwona Pasikali, machozi yakimchuruzika, asiweze kuyafuta.

Niliufungua mdomo wangu...

Nikaufumba. Nikashuka kilima, nikaenda kulala.