Giza Lisiwakute Mnatazamana

Koleo alibisha hodi kwa mdogo wake jua likielekea kuzama, mkoba wa vifaa begani na jasho shingoni. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu akishashika kitu haachii, iwe waya, iwe ubishi. Waya zilimpa riziki. Ubishi ndio uliomponza.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mziwanda, kitinda mimba wa kwao, alitaka taa za tangi la samaki ziwe zinafifia zenyewe kila jioni. Wazazi wao walipofariki, Koleo ndiye aliyemlea. Alimpikia, alimfulia, hata nywele alimsuka, vibaya kweli. Na kwa kuwa binti aliogopa giza kuliko simba, walikuwa na salamu yao ya ukutani. Koleo akiwa chumba cha pili aligonga mara tatu za haraka, akatulia, akamalizia moja.

Ko-ko-ko... ko.

Maana yake, nipo. Naye alijibu vivyo hivyo, ndipo akalala. Hata sasa, mke wa mtu, alikuwa halali bila taa.

"Hizi ndizo taa ulizonunua?" Koleo alinyanyua mkanda wa taa kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi ya jirani. "Heri ungeniambia nije na kibatari."

"Kaka, usianze. Funga tu."

Tangi lilikuwa sebuleni, limeshika ukuta mzima. Ndani yake samaki mmoja tu, rangi ya majivu, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Lilikuwa la mama mkwe wa Mziwanda, marehemu sasa, na samaki huyo hakuna aliyejua umri wake. Shemeji, mume wa mdogo wake, alisema alizaliwa akamkuta.

Samaki alikuwa ametulia karibu na kioo. Anamtazama Koleo.

"Huyu mzee vipi? Mbona ananikodolea macho?"

"Ndiyo maana nimekuita," Mziwanda alisema, akishusha sauti kana kwamba kuna mgonjwa chumbani. "Mama mkwe alikuwa anafunika kioo kila jioni kwa vitambaa. Kimoja kimoja, polepole. Mwanga ukipungua, samaki anageuka mwenyewe, anaingia nyuma ya jiwe lake. Akishageuka ndipo unamalizia. Aliniusia, 'Giza lisiwakute mnatazamana.' Nimechoka kaka. Kila jioni nimesimama hapa na vitambaa, na mume wangu yuko safarini."

"Likiwakuta?"

"Hakusema. Alianza kulia tu."

Koleo akacheka. Mziwanda hakucheka.

Akaanza kazi. Kontrola ilikuwa kisanduku kidogo kinachojua saa na kuziamuru taa zipungue taratibu. Akaipa umeme. Waya ya amri akaipeleka kwenye taa. Waya hasi akaifunga kwa waya hasi, maana zisipokutana taa husikia amri nusunusu na kuanza kupepesa. Kazi safi, na alijua ni safi.

Lakini taa za bei poa zina kilema, na kila fundi anakijua. Hufifia vizuri, hufifia, hufifia, halafu zikikaribia mwisho hukata ghafla. Kipande kile cha mwisho cha mwanga hazikiwezi. Dawa yake ni taa ndogo pembeni, yenye adapta yake ya umeme, ambayo hubaki inawaka hafifu kubwa zinapokata, kisha nayo ikapunguzwa kidogo kidogo. Mziwanda alikuwa ameinunua taa hiyo. Koleo akapekua mkoba, akaupekua tena. Adapta ya pili ameisahau nyumbani.

"Ndogo nitaifunga kesho."

"Basi leo nitumie vitambaa."

"Vitambaa, na mimi nimekuja? Hicho kipande kilichobaki ni kidogo mno, hata wewe hutakiona, sembuse samaki." Akavuta mapazia, akaiweka kontrola kwenye majaribio ili machweo yapite upesi. "Njoo hapa mbele. Njoo uone kazi ya kaka yako."

Yeye ndiye aliyemwita. Hilo mlikumbuke, kwa sababu yeye mwenyewe hatalisahau.

Mziwanda akainama mbele ya kioo, mikono magotini. Mwanga ukaanza kushuka. Mweupe ukawa wa manjano, manjano ikawa kama kaa la mwisho jikoni. Samaki akatikisa pezi, akaanza kugeuka.

"Unaona?" Koleo alisema. "Anakwenda zake."

"Kweli kaka... polepole hivyo hivyo..."

Samaki alikuwa amefika nusu ya kugeuka, jicho moja bado kwenye kioo.

Taa zikakata.

Giza.

Maji yalicheza, chubwi, kama mtu aliyetumbukiza mkono. Kisha harufu ikaja, shombo na tope la zamani, nzito. Mtu akavuta pumzi. Pumzi ndefu, ya mtu ambaye hajavuta siku nyingi.

"Mziwanda?"

Akapapasa hewani mbele yake.

"Mziwanda!"

"Nipo."

Koleo akawasha tochi ya simu. Mdogo wake alikuwa amesimama pale pale, mikono imening'inia. Nywele kavu, gauni kavu. Koleo akashukuru Mungu kwa sauti, halafu akajicheka kwa woga wake.

"Zimezimika vizuri," alisema Mziwanda. "Asante, fundi."

Fundi.

"Ngoja niziwashe basi, najua wewe na giza..."

"Acha. Giza ni zuri." Akawa anasugua nyayo sakafuni, huku na huku, taratibu. "Nilisahau sakafu inavyokuwa baridi." Kisha akageuka, akatembea gizani bila kupapasa, akafika kwenye ukuta mtupu wa upande wa jikoni na kuuwekea kiganja. "Huu mlango mliuziba lini?"

Koleo hakuwahi kuona mlango hapo. Tochi ilimpiga usoni yule mwanamke na hakupepesa. Koleo alisubiri apepese. Alisubiri mpaka macho yake mwenyewe yakamwasha.

Ndipo akasikia mgongoni.

Ko-ko-ko...

Akahesabu tatu.

... ko.

Sauti ilitoka kwenye kioo. Koleo hakugeuka upesi, hakuweza. Alipogeuka, samaki alikuwa amejibana mbele kabisa, pua kwenye kioo, mapezi yakitetemeka kama mtoto mwenye homa. Koleo akanyanyua kidole, akagonga ukutani mara tatu, akatulia, akamalizia moja.

"Unagonga nini?" mwanamke aliuliza.

Samaki akajibu. Ko-ko-ko... ko. Akarudia. Akarudia tena, kwa haraka, bila kutulia katikati, kama Mziwanda alivyokuwa akifanya utotoni umeme ukikatika na kaka akichelewa.

Koleo akaivamia kontrola, akapandisha taa zote mpaka juu. Samaki akaacha kugonga. Mwanamke akafunika uso kwa mikono asione kioo, akarudi nyuma hadi kwenye korido.

"Rudi hapa mbele," Koleo alimwambia. "Rudi uangalie kioo. Mara moja tu. Nakuomba."

"Mimi?" Akacheka kicheko cha mtu mzee, kifupi. "Hapo nimekaa vya kutosha."

Akaenda kumfungulia mlango wa nje.

Koleo angeng'ang'ania. Lakini angemshika kwa nguvu vipi? Mikono ile ilikuwa ya mdogo wake, na kovu la pasi juu ya kiwiko, jeraha alilolifunga yeye mwenyewe kwa kitambaa. Alichoweza ni kuiagiza kontrola isishushe mwanga hata kidogo, usiku na mchana. Akaweka kiganja kwenye kioo. Kioo kilikuwa cha moto mahali samaki alipojibana upande wa ndani.

"Nakuja kesho," alinong'ona. "Sizimi. Sikiliza, sizimi."

Nyumbani hakufumba jicho. Alipanga na kupangua. Atarudi na adapta iliyosahaulika, atasema amekuja kumalizia kazi. Atamvuta yule mtu mbele ya kioo kwa hila au kwa kamba, atashusha mwanga vile vile, ukate vile vile. Kilichoingia kwa mlango huo kitatokea kwa mlango huo. Aliamini. Asingeamini angefanya nini?

Mchana alikuwa anafunga mkoba simu ilipoita. Shemeji.

"Koleo! Nimerudi safari, bwana. Nyumba inawaka utadhani kuna harusi!" Alikuwa na furaha, mtu aliyefika kwake. "Hebu njoo uziondoe hizi taa zako. Mke wangu amelichoka tangi."

"Shemeji, usiguse kitu. Mkeo yuko wapi?"

"Yuko jikoni. Leo kaamka na moyo mwingine kabisa, sijui umempa nini. Anasema mama alitusumbua bure na yule samaki miaka yote." Akacheka. "Keshamtoa. Njoo mapema, shemeji, tule wote."

Nyuma ya sauti yake Koleo alisikia kisu kikinolewa, shwaa, shwaa, bila haraka. Na chini ya kisu, juu ya ubao, kitu kilichokuwa kinapigapiga.

Mara tatu za haraka.

Koleo akaigonga simu kwa ukucha, akagonga kwa nguvu zote, huku anakimbia, mlango wazi, miguu mitupu.

Nipo. Nipo. Nipo.

Akasikiliza, akiingoja ile moja ya mwisho.