Njuga Ndani ya Mtungi wa Nili

Kitambaa kilitoka mtungini cheupe vilevile kama kilivyoingia. Asabi alikikamua, akakitazama pande zote mbili, akakizamisha tena kwenye nili na kuhesabu hadi mia mbili. Cheupe pe. Mikono yake ilikuwa ya buluu mpaka viwikoni, kama ya kila mwanamke wa ua ule wa watia rangi mjini Osogbo, lakini kitambaa kiligoma. Kisha, kutoka chini kabisa ya mtungi, akasikia njuga. Ililia mara moja tu, kidogo, kama imevaliwa na mtu anayejigeuza usingizini.

Aliijua njuga ile. Fehintola, muuza vitambaa, alizaliwa baada ya ndugu watatu waliokufa wachanga, na mama yake aliapa kuwa ni mtoto yuleyule mmoja anayekuja na kurudi. Basi wakamvalisha njuga ya chuma, wenzake wa kuzimu waogope kumfuata. Wengine huivua wakikua. Fehintola aliihamishia kiunoni, chini ya nguo, na waliojua ni wanawake waliooga naye mtoni tu. Sasa ilikuwa siku ya kumi na moja bila yeyote kumwona.

Aliyeshikwa kwa kupotea kwake alikuwa Ojuolape, mama yake Asabi. Waligombana sokoni, ni kweli, na hawakubakishiana maneno. Labode, mchoma majivu, akasema alimwona Ojuolape akimfuata Fehintola kwenye kijia cha mtoni. Labode alikuwa mtu wa kusikilizwa, maana nili bila maji ya majivu ni matope tu, na ua mzima ulitegemea tanuri lake. Baale, mkuu wa mtaa, akaamua Ojuolape auzwe utumwani siku ya soko, apelekwe pwani na asirudi. Labode, kwa huruma zake, akajitolea kumsindikiza.

Wanawake walinong'ona kwamba marehemu amefuata mtungi wa muuaji wake. Iya Tanimola, mkubwa wa watia rangi, alimchinjia kuku Iya Mapo, mungu mlinzi wa kazi za wanawake, lakini nili haikukubali. Kesho yake njuga ililia kwenye mitungi minne. Harufu ya nywele zilizoungua ikatanda uani ilhali hakuna moto, na wanawake wakabeba watoto wao wakahamia kwa ndugu.

Asabi hakuhama. Zilibaki siku mbili kufika siku ya soko, na hofu ilikuwa anasa asiyoiweza. Adhuhuri ile, jua likiwa utosini na ua mtupu, alisimama katikati ya mitungi akasikia njuga ikianza upande wa ukuta, ikahamia mtungi wa pili, ukatikisika na kifuniko chake, ikahamia wa tatu, ikizidi kumsogelea, na ile harufu ikamjaa kooni mpaka machozi yakamtoka, na maji ya nili yakaanza kupanda na kushuka taratibu kana kwamba chini yake kuna kifua kinachohema, na miguu yake ikamwambia kimbia, kimbia sasa hivi, lakini hasira yake ikawa kubwa kuliko miguu.

"Dada Fehintola," alisema. "Kama mama ndiye aliyekuua, nichukue mimi hapahapa. Kama si yeye, acha kunichezea. Sina muda."

Halafu njuga ikalia nyuma yake, ndani ya chungu chenye matundu ambamo madonge ya majivu ya Labode huchujwa. Asabi alichovya kidole kwenye maji yaliyodondoka chini, akayaonja, kama mtia rangi yeyote apimavyo ukali wake. Yalipaswa kuuchoma ulimi. Yalikuwa na mafuta, na ladha ya mchuzi wa mifupa.

Alielewa kabla hajataka kuelewa. Alitapika, akajifuta mdomo, akatia mkono ndani ya majivu mpaka begani, na akatoka na njuga iliyoungua, nyeusi tii.

Hapo ndipo alipokumbuka. Katika ua ule, mleta majivu ndiye wa kwanza kuonja maji yake, mbele ya wote, ijulikane kwamba hakutia uchafu. Labode alionja kila safari kwa mbwembwe. Safari ya mwisho alisema jino linamuuma, wakamcheka, wakamwacha.

Siku ya soko Asabi alimkuta Labode mbele ya baale, mkononi kashika kamba aliyofungwa mama yake. Alimwekea miguuni kibuyu cha maji ya majivu yale.

"Baba Labode, jino limepona?"

"Mtoto huyu hana adabu," Labode alimwambia baale.

"Sina. Onja."

Iya Tanimola akasogea akasimama karibu na Asabi. "Ni desturi yetu, Labode. Uliiruka mara moja tu."

Watu walikuwa wengi mno kwa yeye kukataa. Labode alicheka, akapiga funda, akafungua mdomo kusema hajui alipo Fehintola. Njuga ikalia ndani ya mdomo wake. Ile iliyokuwa kiganjani mwa Asabi haikutikisika. Akajiziba kwa mikono miwili, na bado ikasikika kupitia meno, na alipoachia ilitoka sauti ya mwanamke, ikieleza alivyowaona watoto saba waliotekwa ili wauzwe, wamefungwa nyuma ya tanuri, kisha shoka, kisha moto.

Ojuolape alifunguliwa, akamkumbatia binti yake. Labode akafungwa kwa kamba ileile. Mganga aliyeitwa kuisindikiza roho ya marehemu alitega sikio kifuani mwa Asabi, akarudi nyuma.

"Na wewe ulionja," alinong'ona. "Yumo. Atalia kila penye uongo. Kaa chini nimtoe."

Baale akasogea na tabasamu la pole. Akamsifu Asabi kwa ushujaa, akasema inasikitisha, kwamba yeye hakuwahi kusikia habari za watoto hao.

Chini ya ulimi wa Asabi, njuga ikalia.

Watu wote waliisikia. Asabi alimtazama baale mpaka tabasamu lile likamtoka, kisha akausukuma mkono wa mganga wenye dawa.

"Mwache," alisema. "Dada bado ana kazi."