Jagi la Mezani kwa Deolinda

Asubuhi ya Krismasi ya mwaka 1971, Ilda alikuta jagi la maji likiwa tupu.

Kijijini kwao, milimani kaskazini mwa Ureno, meza ya mkesha haiondolewi vyombo. Samaki mkavu aliyechemshwa, viazi, kabichi na mkate huachwa hadi asubuhi ili marehemu wa nyumba waje kula. Tangu baba yake Ilda afariki, sahani yake ilikutwa kila mwaka kama ilivyoachwa, na safari hii chakula kilikuwa vilevile. Maji tu ndiyo yaliyokwisha, na ndani ya jagi palikuwa pakavu kana kwamba halijatiwa kitu.

"Paka huyo," alisema mama yake, Deolinda.

"Paka gani wa kumaliza lita mbili, Mama?"

Adérito, kaka yake Ilda, alikuwa amesimama mlangoni. Alirudi mwezi Oktoba kutoka vitani Msumbiji, mzima, bila hata kovu, na kijiji kizima kilikuja kumpongeza mama yake.

"Msitie tena maji humo," alisema kwa sauti ndogo.

Walitia. Kesho yake jagi lilikuwa tupu, na keshokutwa pia. Jikoni kukaanza kunuka nyasi zilizoungua, ilhali nje kulikuwa na theluji. Siku ya nne, mchana, Ilda akimenya viazi, alisikia mtu akipumua upande wa pili wa meza, pumzi kavu ya mtu aliyevimba ulimi, ikavuta, ikakwama, ikavuta tena, naye akabaki ameshika kisu huku pumzi ile ikisogea taratibu kuelekea kwenye ndoo ya maji ya kupikia, na ndani ya ndoo maji yakishuka mbele ya macho yake bila mkono wa mtu.

Akakimbia kumwita Shangazi Olímpia, kama kijiji kizima kilivyomwita, bibi aliyetibu vijicho na mapepo kwa sala na mafuta ya zeituni. Olímpia alidondosha mafuta kwenye sahani ya maji, akayatazama yakikimbilia ukingoni.

"Huyu si marehemu wenu," alinong'ona. "Katoka mbali. Kafuatana na mtu."

Wote walimgeukia Adérito. Yeye alikuwa akitazama viatu vyake.

"Usiogope, mwanangu," Olímpia alimwambia. " Wewe si wa kwanza mwaka huu. Mmiminie mwenyewe, kwa mkono wako, useme mbele ya watu wa nyumba hii ulichomfanyia. Atakunywa, ataondoka. Usipomaliza kusema, hatakuachia."

"Alitumwa!" Deolinda alidakia. "Mwalimu alituonyesha ramani, padri akahubiri, kila mtu akasema kule Msumbiji ni kwetu."

"Kwetu!" Olímpia aliguna. "Mimi hata Porto sijafika. Mtoto wangu wa mwisho kakimbilia Ufaransa kwa miguu ili asipelekwe huko kwetu. Kaa, Deolinda."

Walikaa. Adérito alishika jagi kwa mikono miwili.

"Mzee mmoja," alianza. "Tulimfunga kwenye mti, atuambie wenzake wako wapi. Nikapewa zamu ya kumlinda. Siku mbili. Lugha yao siijui, lakini neno la kuomba maji kila mmoja wetu alilijua. Aliniomba. Chupa yangu ilikuwa..."

Harufu ya nyasi zilizoungua ikajaa hadi macho yakawawasha, pumzi ile ikaja juu kabisa ya meza, kikombe kitupu kikajisogeza chenyewe kuelekea kwa Adérito, naye akamwaga maji juu ya kitambaa cha meza, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni akalia kwa sauti.

Deolinda hakuweza kuvumilia. Mezani kwake hakuna mwanamume aliyewahi kujimiminia hata maji. Akampokonya jagi.

"Lete hapa, mwanangu. Wewe hujafanya kitu."

Akamimina yeye.

Pumzi ilikatika. Kikombe kilibaki kimejaa. Olímpia alikusanya mafuta yake, akajifunga shali.

"Umemponza mwanao, Deolinda. Sasa yule mzee haombi tena. Anangoja."

Tangu siku hiyo jagi halikupungua, na Deolinda alifariki akiamini kwamba ameshinda. Adérito alilima, akazeeka. Habari ile hakuimalizia, na hakuna aliyemwuliza, hata Ilda. Ila hakuonekana tena akinywa maji mbele ya watu.

Alifariki mwaka 2009, mwezi Novemba. Mkesha wa Krismasi, Ilda, peke yake sasa, alimwandalia kaka yake sahani na kikombe cha maji. Jagi lililojaa aliliweka upande wa pili wa meza, kule alikoisikia ile pumzi zamani.

Asubuhi kikombe cha Adérito kilikuwa kimejaa hadi ukingoni. Juu ya mbao za meza, kuanzia kitini pake, palikuwa na mikwaruzo mipya ya kucha, kumi, mirefu, na yote iliishia shubiri moja kabla ya kikombe.

Jagi lilikuwa tupu.