Nakala ya Saa Nane na Robo

Tatizo lilikuwa nakala. Kila picha iliyopigwa na kamera za ghala moja mjini Göteborg ilihifadhiwa kwenye mashine ya pale pale, na kila robo saa programu moja ya zamani ilituma nakala yake jengo jingine, mjini Borås. Ukiiba mashine, sura yako imebaki Borås.

*Jumatatu, saa kumi na moja jioni.*

Walikaa watatu chumba cha nyuma cha duka la matairi, mtaa wa Hisingen. Börje, aliyeendesha malori miaka thelathini na kuiba miaka ishirini ya hiyo. Mirja, dereva, mwanamke wa maneno machache na mengi yake makali. Na Sixten, fundi wa kompyuta wa ghala lenyewe, miaka kumi na tisa kazini, hajawahi kuiba hata kalamu.

Mzigo ulikuwa masanduku manne ya paladi, unga wa kijivu wa bei ghali sana, unaotiwa kwenye mabomba ya moshi ya magari. Wangeingia Ijumaa saa nane mchana, wafanyakazi wote wakiwa kwenye mapumziko ya kahawa. Mapumziko hayo hayarukwi na mtu. Hata mlinzi huacha lango na kwenda kukaa mezani na wenzake.

Wangevaa sare za wasafirishaji, nyuso wazi. Soksi usoni mchana kweupe ni kujipigia king'ora mwenyewe. Kwa hiyo ile nakala ilibidi ife.

"Si uizime tu?" Mirja aliuliza.

Sixten alieleza. Ukiizima, inalalamika: ujumbe unaenda kwa meneja papo hapo. Lakini kuna kinga ya kumbukumbu. Kompyuta hutenga sehemu ya kumbukumbu kuwa stoo tu, na kinga ikiwashwa, programu yoyote inayojaribu kuendesha amri kutoka stoo inauawa. Programu ya nakala, kwa uzee wake, ilikuwa na tabia hiyo hasa. Ndiyo maana kinga haikuwahi kuwashwa, ingawa watu wa usalama walikuwa wakiidai miaka miwili.

"Inakufa kabla ya kulalamika," alisema. "Ripoti ya mwisho inabaki kijani."

"Fundi, kumbe una roho mbaya," Mirja alisema.

Sixten hakucheka. Alitaka kitu kimoja tu, na alikirudia tangu siku ya kwanza: Ijumaa saa kumi na mbili jioni awe kwenye treni ya Luleå, mji wa kaskazini ya mbali. Binti yake, Tuva, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza huko. Hana mume, hana mama. Sixten alikuwa amemwambia atakuwepo.

*Alhamisi, saa tatu na robo asubuhi.*

Aliwasha kinga. Akaizima mashine, akaiwasha upya. Programu ya nakala ikafa. Alisubiri saa tatu na nusu ipite, kisha saa nne kasorobo. Borås hakikufika kitu. Saa sita akavaa koti, akaanza likizo.

*Ijumaa, saa nane na dakika tatu.*

Lango lilifunguka kwa kadi. Mirja alibaki ndani ya gari, kofia machoni, kioo cheusi. Börje na Sixten walishuka na kigari cha kusukuma. Kutoka chumba cha kahawa walisikia vijiko na mtu akisimulia habari za mbwa wake.

Kufuli la chumba cha paladi lilimchukua Börje dakika sita. Masanduku mawili. Kisha mawili. Kamera nne juu yao. Hawakuziangalia, hawakuzikwepa.

*Saa nane na dakika kumi na tisa.*

Sixten aliingia chumba cha mashine kuchomoa diski yenye picha. Kioo cha kompyuta kilikuwa kinawaka.

Nakala ya mwisho: leo, saa nane na robo. Imefika Borås.

Aliisoma mara mbili. Chini yake palikuwa na orodha ya programu zilizosamehewa kinga. Jina lilikuwa moja tu, programu ya nakala. Imeongezwa leo, saa nne asubuhi, na Gunnel Wrede.

Gunnel alikuwa mwenzake wa zamu, miaka kumi na mmoja. Daftari la makabidhiano lilikuwa mezani, wazi. Mwandiko ulikuwa wake Sixten: *Kinga ya kumbukumbu imewashwa, mashine zote.* Tarehe. Saa. Jina.

Alichomoa diski hata hivyo. Mikono ilikuwa imeshazoea kumaliza kazi.

*Saa nane na nusu.*

Aliwaambia barabarani, kaskazini ya mji.

"Imenakili. Gunnel ameisamehe ile programu. Alisoma daftari, akajua kinga inaiua."

Börje aligeuka taratibu. "Daftari la nani?"

"La kazi."

"Uliandika?"

"Niliandika."

"Kwa nini, bwana?"

Sixten alifikiri. "Huwa tunaandika."

Börje alitazama mbele. Hakumpiga. Alimwuliza ni nani waliomo kwenye picha.

"Mimi na wewe."

"Na mimi?" Mirja aliuliza.

"Wewe hukushuka."

Mirja alikanyaga mafuta hadi Kungälv, mji mdogo uliofuata.

*Saa tisa kasoro dakika tano.*

Walifika kwenye karakana ya boti ambako gari jingine lilitakiwa kuwa linawasubiri. Mlango ulikuwa mzito, wa kusukumwa na watu wawili. Börje akashuka. Sixten akashuka. Walipokuwa wameinama, mabega kwenye bati, walisikia gia ya nyuma.

Mirja alishusha kioo kidogo. "Msinilaumu, wazee. Mimi sina sura."

Gari likaondoka na masanduku yote. Waliposukuma mlango hadi mwisho, ndani palikuwa na boti iliyopinduliwa na mafuta sakafuni. Gari la pili lilitakiwa kuletwa mapema na Mirja; hakulileta.

"Alijua tangu lini?" Börje aliuliza.

Sixten aliitazama saa. Kutembea hadi kituo cha basi, dakika arobaini. Kisha akakumbuka tiketi ilikuwa kwa jina lake, na jina hilo lilikuwa limeandikwa kwenye mlango wa chumba cha mashine, polisi walisome.

Walikaa juu ya boti. Polisi walifika saa kumi na dakika ishirini, wakiifuata simu ya Sixten, wanne, bila kukimbia.

Börje alipata miaka mitano. Sixten minne. Mirja hakupatikana, wala sanduku hata moja. Gunnel alinunuliwa keki, ikaliwa Ijumaa iliyofuata, saa nane. Siku ile ya wizi, treni ya Luleå iliondoka saa kumi na mbili kamili, kiti kimoja kitupu. Tuva alijifungua Jumapili alfajiri, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Kwenye fomu ya hospitali, mahali pa mtu aliyekuwa naye, nesi alipiga mstari.